Juu ya Kumlisha Mapema Mtoto Aliyerudishiwa Utumbo

Miongoni mwa kasoro za kuzaliwa, ni chache zimshtuazo mkunga kama gastroskisisi, ambapo ukuta wa tumbo huacha tundu kando ya kitovu, aghalabu upande wa kulia, na utumbo ukatokeza nje bila ya utando wowote wa kuusitiri. Utumbo huo, uliokaa miezi katika maji ya uzazi, huvimba, kuta zake zikawa nene, ukapoteza nguvu ya kusukuma; hata baada ya tabibu kuurudisha tumboni, ama kwa mara moja, ama kidogo kidogo kwa mfuko wa silikoni, hubaki umezubaa kwa siku nyingi, pengine kwa majuma.

Zamani wengi waliosalimika na kisu waliuawa na njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Philadelphia, Stanley Dudrick na Douglas Wilmore walidhihirisha kwamba mtoto mchanga asiyeweza kula aweza kukua kwa chakula kipitishwacho katika mshipa mkubwa wa damu, na maarifa hayo yakaokoa maisha yasiyo na idadi. Lakini lishe ya mshipani ina gharama yake: ikiendelea muda mrefu hudhuru ini, na mrija wake huwa mlango wa vijidudu, nao utumbo usioonja kitu hunyong'onyea, vile vinyweleo vyake vya kufyonzea chakula vikafupika. Ndipo matabibu walipoanza kuuliza kama ni lazima kungoja utumbo uamke wenyewe, au maziwa ndiyo yauamshao.

Jinsi ya kufanya ni hii. Muuguzi huangalia majimaji yatokayo kwenye mpira wa tumboni: yakiwa ya kijani kibichi na mengi, njia bado imefunga, yakipauka na kupungua, na tumbo likawa laini, huanzishwa maziwa ya mama, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 2.4, akinyweshwa kila baada ya saa tatu, hupata mililita 3 hadi 6 kwa mara moja, yaani kama kijiko cha chai. Kiasi hicho hakimshibishi, wala hakikukusudiwa kumshibisha; kazi yake ni kuuzoeza utumbo, huku lishe ya mshipani ikipunguzwa kadiri maziwa yanavyozidi. Hata kabla ya hapo, dang'a hupakwa ndani ya mashavu yake. Akitapika kijani, tumbo likikaza, au choo kikaonyesha damu, maziwa husimamishwa mara moja, kwani watoto hawa huweza kupatwa na maradhi ya kuoza utumbo.

Yasemwa kwamba walioanza mapema hufikia mlo kamili upesi na kurudi nyumbani upesi. Hapa inatupasa hadhari, kwa sababu mtoto ambaye utumbo wake haukuharibika sana ndiye ambaye majimaji yake hupauka mapema, naye angepona upesi kwa hali yoyote. Nionavyo, faida iliyo yakini imo katika wodi kuwa na kanuni moja iliyoandikwa, ili mtoto asikae siku nne bila tone kwa kuwa tu daktari wa zamu amebadilika.

Jambo hili latuhusu khasa sisi. Uchunguzi wa nchi 74 uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa gastroskisisi huua asilimia 1.4 ya watoto waliozaliwa nayo katika nchi tajiri, na asilimia 90 katika nchi maskini kabisa, ambako lishe ya mshipani ni adimu au haipo, na ambako mara nyingi mtoto hupelekwa hospitali kuu peke yake, mamake akaachwa alikojifungulia. Basi hospitali impokeayo mtoto huyu na impokee pamoja na mamake, naye apewe chombo safi na afundishwe kukamua tangu siku ile ile ya kwanza, maziwa yawe tayari saa utumbo utakapokuwa tayari.