Land Rover ya mjomba na diski iliyogoma

Gari lilikuwa juu ya mawe kwelikweli. Ekseli ya nyuma ilikalia mawe mawili migombani, Kibosho, na magurudumu yake mawili yalishahamia kwenye tela la jirani. Ni Land Rover 109, Series IIA, ya petroli, injini ya silinda nne yenye cc 2,286. Mjomba aliinunua kwenye mnada wa serikali, akabebea kahawa na maharusi hadi giaboksi ilipokataa. Kuifufua kumetuchukua mimi na fundi miezi kumi na minne, na tangu ionekane barabarani kila mtu ananiuliza swali moja: spea mlizipata wapi?

Huwa najibu kwa kisa cha klachi. Tulianza kwa pupa. Nilikwenda dukani na jina la gari tu, nikasema nataka diski ya klachi ya IIA ya petroli. Muuzaji hakunidanganya, alinipa diski ya inchi 9, ambayo ndiyo ya gari hilo. Tuliporudi nayo gereji haikukubali. Flaiwili iliyokuwa ndani ilikuwa ya klachi ya inchi 9.5. Tulipofuta grisi kwenye bloku, karibu na manifoldi ya moshi, namba ikasema yote: injini ilikuwa ya Series III. Miaka fulani huko nyuma mtu aling'oa injini ya mwanzo akapachika nyingine, wala hakumwambia mjomba.

Tangu siku hiyo hatukununua hata skrubu kabla ya kusoma namba. Na gari la aina hii halina namba moja. Ile ya chesisi imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele, upande wa kulia, na tarakimu zake tatu za mwanzo zinajieleza. Yetu inaanza na 252: gari la 109, petroli, usukani wa kulia, lililotengenezwa kwa ajili ya kusafirishwa nje ya Uingereza. Mwishoni kuna herufi moja, ambayo wengi huidhani pambo. Hiyo ndiyo roho ya ununuzi. Kila mara kiwanda kilipobadilisha kitu kikubwa, herufi ilisogea, na spea za herufi moja zaweza kuikataa nyingine. Injini ina namba na herufi yake. Giaboksi vivyo hivyo. Ekseli pia. Kwa hiyo gari lililoishi Afrika zaidi ya miaka hamsini si gari moja bali ukoo, na kila mwanaukoo huulizwa peke yake.

Tukitoka kwenye namba tunaingia kwenye kitabu cha spea, kile chenye michoro ya vyuma vilivyotawanywa hewani na tarakimu pembeni ya kila kimoja. Namba za zamani nyingi zilisharithiwa na namba mpya, kwa hiyo muuzaji anayesema "hii haipo tena" mara nyingi anatafuta jina la marehemu. Mpe la mrithi, atakuletea kisanduku. Hapo ndipo Land Rover inapoyashinda magari mengine ya rika lake. Ulipofika mwaka 1976 yalishatengenezwa milioni moja, na kiwanda cha Solihull kilifunga mstari wa Defender, mtoto wa ukoo huohuo, tarehe 29 Januari 2016 tu. Thika nako, kwa majirani zetu Kenya, Land Rover zilikuwa zikiunganishwa. Soko lipo, ndiyo maana watengenezaji wapo.

Lakini kuwepo kwa spea si sababu ya kuinunua. Hili ndilo nililojifunza kwa gharama: chuma cha zamani ulichokivua mara nyingi ni bora kuliko nakala mpya unayoletewa kwenye mfuko wa plastiki. Kabureta yetu, Zenith, ilikuwa ikivuta hewa, gari likisimama linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikataka kuagiza mpya. Fundi akacheka, akaweka kipande cha kioo mezani, juu yake karatasi ya msasa laini, akaanza kusugua mfuniko wa kabureta kwa mzunguko wa nane. Ugonjwa wa kabureta hizo ni huo: joto na kukazwa kupita kiasi hupinda uso wa juu. Baada ya nusu saa uso ulikuwa bapa, gasketi mpya ikawekwa, na injini ikatulia. Kwenye breki tulifanya hivyohivyo. Viatu vya zamani vilipigwa rivet lainingi mpya, vikatoshea ngoma zake za inchi 11 bila ubishi.

Beringi na sili zilikuwa rahisi mno hata aibu kuzisimulia. Beringi imegongwa namba yake pembeni, na namba hiyo ni ya mtengeneza beringi, haimjui Land Rover. Duka lolote la beringi linaielewa hata kama mwenye duka hajawahi kuliona gari hilo. Sili unapima vipimo vitatu, ndani, nje na unene. Vioo ndiyo zawadi ya wabunifu wake: vyote ni bapa, hata cha mbele, ambacho ni vipande viwili. Tulimpelekea mkata vioo ramani za karatasi, tukasisitiza kioo cha mbele kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa, basi.

Kilichotutoa jasho ni nati. Kwenye gari hili kuna uzi wa BSF, kuna UNF, na kuna zilizoongezwa na mafundi wa miaka yote waliokuwa na metriki mfukoni. Bolti ya inchi 3/8 ya BSF ina nyuzi 20 kwa inchi, ya UNF ina 24. Kwa macho ni pacha. Ukiilazimisha, inazunguka raundi mbili, inashika, na ukimpa kijana bomba refu la kuongezea nguvu, anakurudishia bolti iliyokatika ndani ya bloku. Spana nazo zina vituko: ile ya Whitworth yenye chapa 1/2 haimaanishi mdomo wa nusu inchi, inamaanisha bolti ya nusu inchi, na mdomo wake ni mpana zaidi. Tulinunua kipima nyuzi, kile chenye meno kama kitana, na kikawa chombo kilichotumika kuliko nyundo. Bolti zisizopatikana zilikerezwa mjini na fundi wa mashine kwa mfano wa nyingine iliyokuwa nzima.

Uingereza tuliagiza kitu kimoja kikubwa, na sijutii. Bodi ya gari hili ni aluminiamu, haipati kutu, lakini ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, ule unaobeba bawaba za milango, huliwa kuanzia miguuni. Wetu uliwahi kuchomelewa viraka juu ya viraka hadi mlango wa dereva ukafungwa kwa kamba. Kuuchonga upya hapa kungewezekana, ila matundu ya bawaba yakikosea milimita chache milango haitafunga milele. Uzito wake na ushuru viliuma. Vingine vyote vilivyotoka nje vilikuwa vya kuingia kwenye sanduku la viatu.

Mwisho jirani akarudisha magurudumu, pamoja na mfuko wenye nati kumi. Fundi alizijaribu kwa vidole, moja moja. Nane zilipanda kwa kuzunguka, taratibu, kama inavyotakiwa kwa stadi za 9/16. Mbili zilipita moja kwa moja hadi mwisho bila kugusa uzi, kama pete ya mtu mnene kwenye kidole chembamba: za milimita 16, zile za Series III za mwishomwisho.

"Na tela lilikuwa linakwenda na hizi?" fundi akauliza.

"Mbona lilifika hadi Himo," jirani akasema.