Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Nyumba, Jiko na Safari katika Sanaa ya Liwazo, Pwani ya Kusini ya Kenya

Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa mapenzi katika Kiswahili umeelekea zaidi kwenye vituo viwili: pale mpenzi anapomsifu amtakaye, na pale anapomlilia aliyemwacha. Kituo cha tatu, yaani yale yanayofuata baada ya kilio, hakijapewa nafasi sawa. Mtu aliyeachwa huamka siku ya pili akafagia ua, akakuna nazi, akapanda gari kwenda kumtazama mamaye. Je, mambo haya ni shughuli za maisha tu, au yana mahali pake katika sanaa?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuitazama Pwani ya Kusini ya Kenya, kuanzia Diani na Ukunda, kupitia Msambweni, hadi Vanga karibu na mpaka wa Tanzania. Hoja inayotetewa ni kwamba katika sanaa ya eneo hili raha ndogo za nyumba, jiko na safari si njia ya kuukimbia uchungu, bali ni namna ya kuusema. Na kwamba sanaa hiyo, kinyume na inavyodhaniwa, haimwahidi mtu kupona.

Eneo lenyewe si geni katika fasihi. Boukheit Amana aliipa diwani yake ya mwaka 1982 jina la Malenga wa Vumba, na kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, H. E. Lambert alikwisha kuzichunguza lahaja za Kivumba na Kichifundi. Lakini liwazo la aliyevunjwa moyo halimo katika diwani pekee. Limetapakaa katika methali, katika majina ya leso na katika nyimbo za arusini, na aghalabu wenye kulitumia ni wanawake. Huenda ndiyo sababu limepita bila kuhakikiwa: kile kisichotiwa sahihi ya mtunzi hudhaniwa hakina utunzi.

Kupoa na Kupona

Msingi wa hoja umo katika lugha yenyewe. Kitenzi kupoa ni cha jikoni na cha mgonjwa kwa wakati mmoja. Uji hupoa, homa hupoa, na hasira hupoa. Mtu hupoza chai, na pia hupoza moyo wa mwenzake. Kwa hiyo Mswahili anapotaka kuueleza moyo ulioungua hana haja ya kubuni istiari. Ameikuta tayari, imekaa juu ya mafiga.

Istiari hii ina pande mbili. Uji usipopoa haunyweki, ilhali chai iliyopoa haina ladha. Kupoa basi ni faida na hasara pamoja: anayepoa huacha kuungua, lakini huacha pia ule mwako uliomfanya apende. Ndipo inapoonekana nguvu ya methali isemayo, mwenye kovu usidhani kapoa. Mtu wa nje huliona kovu akadhani kazi imekwisha. Methali inamwonya: ngozi imefunga, lakini chini yake joto lingalipo. Haisemi kwamba mwenye kovu analia, wala haisemi kwamba amelala kitandani. Inawezekana kabisa kwamba yuko jikoni, anapika, na anacheka. Methali inakataa tu kicheko hicho kisichukuliwe kuwa ushahidi wa kupona.

Hiki ndicho kipimo kinachofaa kutumiwa na mhakiki. Kazi ya liwazo isipimwe kwa kuuliza iwapo mhusika amesahau, bali kwa kuuliza amepata mahali gani pa kuliweka kovu lake.

Nyumba ya Nani?

Nyumba ni mahali pa kwanza. Katika fasihi andishi ya Kiswahili nyumba ya mwanamke imechorwa kwa umaarufu zaidi kaskazini, katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mhakiki wa leo huusoma utendi huo kama waraka wa utiifu: binti anaelekezwa namna ya kuitunza nyumba, kujipamba na kumridhi mume. Usomaji huo una haki yake. Lakini hausahihiki bila kukumbuka kwamba mtunzi alikuwa mgonjwa, tena mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Aliyefiwa na mume anaandika juu ya usafi wa nyumba na malezi ya mwili. Mambo madogo ya nyumbani ndiyo yaliyobeba maneno ya mtu mwenye huzuni.

Tofauti ni kwamba katika utendi ule nyumba ni ya mume. Kwa Wadigo wa Kwale mambo yana sura nyingine. Katika mfumo wao wa zamani mtu alihesabiwa kwa fuko la mama, na mpwa alimrithi mjomba. Katika karne ya 20 sheria ya Kiislamu ya mirathi ilizidi kushika nafasi, na mivutano baina ya njia hizo mbili ikawa mingi; hata hivyo hisia ya kwamba nyumbani hasa ni upande wa mama haikufutika. Hivyo mwanamke aliyeachwa akisema anarudi nyumbani, kauli yake si ya kushindwa tu. Anarudi mahali ambapo jina lake lilikuwapo kabla ya ndoa na limebaki baada yake.

Eda nayo ina sehemu yake. Sheria imempa mtalaka tohara tatu, na mjane miezi minne na siku kumi. Kifiqhi huo ni muda wa kungoja. Kisanaa ni muundo wa wakati: huzuni imepewa mwanzo na mwisho, na baina yake kuna siku ambazo lazima zijazwe kwa jambo. Hujazwa kwa ukili unaosukwa, kwa watoto wa ndugu, na kwa chungu kinachoinjikwa.

Jiko: Mkono Unaofikiri

Jikoni ndipo mabishano yalipo. Wahakiki wengi wameliona jiko kuwa kifungo cha mwanamke, na hakuna haja ya kukanusha kwamba limekuwa hivyo kwa wengi. Lakini swali linalotakiwa si kama mwanamke anapika; ni nani anayepikiwa. Kazi ile ile, mkono ule ule, hubadilika maana mlaji anapobadilika.

Na uchukuliwe mchuzi wa samaki wa nazi, chakula cha kawaida toka Gazi hadi Shimoni. Mpishi huketi juu ya mbuzi, akaikuna nazi kwenye ulimi wake wa chuma. Hukamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, lililo zito, huliweka kando, na la pili, jepesi, ndilo linalotangulia chunguni. Tui zito hutiwa mwishoni, na tangu hapo mkono hauachi kukoroga, kwa sababu likichemka bila kuangaliwa hukatika. Anayewaza mbali huharibu mchuzi. Kazi hii inamdai mwenye majonzi arejee kwenye pale alipo, kwa dakika chache, bila kumwambia asihuzunike. Hakuna hotuba ya faraja inayoweza kudai hivyo pasi na kuudhi.

Methali nayo imeona hatari iliyopo. Figa moja haliinjiki chungu. Kwa kawaida husomwa kama sifa ya ushirikiano, lakini kwa aliyeachwa ina ukali: sasa yeye ndiye figa moja. Hata hivyo mafiga ni matatu, si mawili. Tangu mwanzo chungu hakikukaa juu ya mume na mke peke yao. Kilihitaji wa tatu, awe mama, dada au jirani. Methali inayomhukumu ndiyo inayomwonyesha pa kutafuta msaada.

Ulinganisho na nchi nyingine unasaidia hapa. Laura Esquivel wa Meksiko, katika riwaya yake ya mwaka 1989, anamfanya mpishi aliyenyimwa mpenzi amwage machozi katika chakula cha arusi, na wageni wote wakaugua kwa huzuni. Nora Ephron wa Marekani, katika Heartburn ya mwaka 1983, anachanganya maelezo ya mapishi na habari za ndoa inayovunjika. Katika kazi hizo mapishi huandikwa, kwa kuwa msomaji hayajui. Katika sanaa ya Pwani ya Kusini hayasemwi, kwa kuwa kila msikilizaji anayajua. Msanii akitaja chungu tu, hadhira imekwisha kuona nazi, moto na moshi. Ufupi huo si upungufu wa maelezo. Ni dalili ya hadhira inayoshiriki jiko moja.

Safari, Leso na Tuzo

Baada ya nyumba na jiko huja safari. Si safari ndefu: ni kutoka Msambweni kwenda Ukunda sokoni, au kuvuka Likoni kuingia Mombasa kununua leso. Wageni wanaofika Diani husafiri ili wapumzike na nyumba zao. Msafiri wa hapa hutoka ili aonekane tena na watu. Leso humsaidia. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Mombasa imekuwa kitovu cha biashara hiyo, na jina lililochapwa kwenye nguo humpa mvaaji sauti bila kumtaka afungue mdomo. Anachagua jina, anajifunga, anapita njiani. Anayehusika atasoma; asiyehusika ataona nguo nzuri tu.

Kilele cha njia hii ni arusi. Hapo nyumba, jiko na safari hukutana: jamaa husafiri kutoka vijiji mbalimbali, wanawake hukusanyika kupika kwa masufuria makubwa, na usiku taarabu hupigwa. Mwimbaji hamtaji mtu. Lakini katikati ya wimbo mwanamke huinuka, akaenda kwa mwendo wa madaha, akamtuza mwimbaji pesa penye ubeti unaomhusu. Kwa kitendo hicho wimbo wa mtu mwingine umekuwa wake, na jambo lake limesemwa mbele ya watu bila yeye kusema neno. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa hadhira inayotunga. Tena hutokea katika sherehe ya ndoa ya mwingine, baada ya mtuzaji kushinda mchana kutwa akiipika furaha isiyo yake.

Mipaka ya Liwazo

Ingekuwa kosa kuimaliza hoja kwa sifa. Baina ya kupoza na kupooza imeongezeka irabu moja tu, na sanaa ya liwazo iko katika hatari ya kuivuka. Mwanamke aliyenyimwa haki akiambiwa apike na avae leso nzuri, faraja hugeuka kuwa kizibo cha kinywa. Njia ya kurudi nyumbani inahitaji kuwapo nyumba ya kurudi, na shamba la mama huweza kuuzwa. Safari inahitaji nauli. Hata mkondo wa bahari unaovukwa kwa furaha una kumbukumbu yake: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, na watu zaidi ya 250 wakafa. Msanii anayeimba kivuko kwa hadhira ya Kwale anaimba mbele ya watu wanaojua hayo.

Ndiyo maana kazi bora za aina hii hazifichi kovu. Zile dhaifu humwonyesha mhusika akicheka, zikaishia hapo. Zile zenye nguvu humwonyesha akicheka huku mkono wake ukiendelea kukoroga, ili tui lisikatike.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba raha za kila siku katika sanaa ya Pwani ya Kusini zina muundo: eda inayoupa uchungu muda wake, jiko linaloupa kazi, na safari inayourudisha mbele ya watu. Imeonyeshwa pia kwamba muundo huo hauahidi kupona. Uhakiki unaotafuta mapenzi katika sifa na kilio peke yake utaendelea kuwapita watunzi hawa bila kuwasalimu. Anayetaka kuwasoma sharti aanze kwa kuheshimu onyo lao wenyewe, kwamba kovu si ushahidi, na kwamba aliye jikoni hajanyamaza.