Sifa za Mchora Mandhari

Katuni ya sekunde 10 huhitaji picha 240 kwenye skrini. Hata wanafunzi wakipunguza kazi kwa kuacha kila mchoro ukae picha mbili, wachoraji wa wahusika bado wana michoro 120 ya kukamilisha. Nyuma ya yote hiyo mara nyingi kuna mchoro mmoja tu usiosogea: mandhari. Mhusika hupita, mandhari hubaki, na dosari yake hubaki ikitazamwa. Ndiyo maana namsifu mwanafunzi anayeichagua kazi hii wakati wenzake wanagombania kuchora shujaa.

Nakuru ni mahali pazuri pa kuijifunzia, kwa kuwa Bonde la Ufa limejipanga matabaka kwa matabaka. Simama ukingoni mwa kreta ya Menengai utazame kusini. Karibu nawe kuna miamba na vichaka vya leleshwa, chini, mabati ya mji, kisha ziwa, kisha vilima vinavyozidi kuwa samawati kadiri vinavyokwenda mbali. Mchora mandhari huchora kila tabaka peke yake, ili kamera ikienda, leleshwa ipite upesi, mji upite polepole, na vilima vya mbali visogee kwa shida. Hapo ndipo skrini bapa inapopata kina.

Kisha kuna mwanga. Nakuru iko kusini kidogo tu ya ikweta, na saa sita mchana jua hukaa karibu na utosini, kivuli cha mtu kikajikunja miguuni pake. Katuni nyingi tulizokua nazo zilichorwa na watu wa nchi ambako jua huinama sehemu kubwa ya mwaka. Mwanafunzi aliyejifunza kwa kuzitazama hizo huchora vivuli virefu adhuhuri, na kibanda cha mama mboga wa mtaa wa Bondeni kikaonekana kigeni bila mtu kujua kwa nini. Aliyeitazama Bondeni yenyewe hutia giza zito chini ya paa la mabati, hupausha vumbi la njia hadi likaribie weupe, na mafungu ya nyanya yaliyo kivulini huyapa wekundu ulioelekea zambarau. Halafu, na hili ndilo gumu kuliko yote, huacha nafasi tupu mbele ya meza. Hapo atasimama mtoto aliyetumwa sukuma wiki, na mtoto huyo ni kazi ya mwenzake. Mandhari inayotaka kutazamwa yenyewe tu huiharibu katuni, hata ikiwa imechorwa kwa ustadi mkubwa.

Katika kazi ya pamoja yeye pia ndiye mlinzi wa maafikiano: jua linatoka upande upi, upeo wa macho uko kimo gani, mstari una unene gani, rangi zipi zimeruhusiwa. Wanafunzi watano wana mikono mitano. Pasipo maafikiano hayo, mtoto hutoka mtaa wa Kaptembwa katika onyesho moja na kufika nchi nyingine katika onyesho linalofuata.

Mwezi wa Novemba 1991 viongozi kadhaa wa filamu ya The Lion King walifunga safari hadi mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Walikuwa na studio kubwa kabisa nyuma yao, na bado waliona ni lazima waje kuiona nchi hii kwa macho yao. Filamu ilipotoka mwaka 1994 haikuwa na binadamu hata mmoja, kwa hiyo haikuhitaji paa wala njia ya vumbi. Sehemu hiyo bado inatusubiri sisi. Mtengenezaji katuni Kwame Nyong'o alionyesha uwezekano wake mwaka 2011 kwa The Legend of Ngong Hills, filamu fupi inayotokana na ngano ya Kimaasai ambamo vilima vyenyewe ndivyo kiini cha hadithi.

Ziwa nalo linataka ukweli. Tangu takriban mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, yakafunika lango kuu la zamani la hifadhi na kuua migunga ya ufukweni, ambayo mingi ilibaki imesimama majini, mikavu na myeupe. Flamingo wengi walihamia kwingine. Anayechora leo ufuo wa waridi tupu anachora kadi ya posta ya wazazi wake. Kama hadithi ni ya miaka ya tisini, sawa, achore waridi. Kama ni ya mtoto wa sasa, ile migunga mikavu ndiyo anayoijua, na ina uzuri wake.

Walimu wa sanaa wa Nakuru, watoeni wanafunzi nje na penseli kabla ya kuwasha kompyuta. Na katuni ikikamilika, jina la mchora mandhari liandikwe mwishoni kwa herufi zinazolingana na za aliyechora shujaa.