Anayenuka ni Nani? Harufu, Kabila na Nafasi ya Kujibu katika Utani

Mjini Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali na wageni wa makabila mengine hukutana sokoni na kwenye foleni za malori. Katika makutano ya namna hii, kauli kwamba watu wa kabila fulani “wananuka” hutamkwa kwa wepesi, na ikipingwa hutetewa kuwa ni utani. Makala haya yanahoji utetezi huo. Hoja yetu ni kwamba tusi la harufu huwa utani pale tu anayetajwa anapokuwa na nafasi ya kujibu. Likihamishiwa katika usimulizi wa maandishi bila nafasi hiyo, huwa hukumu.

Tuanze na lugha yenyewe. Kitenzi *nuka* hubeba harufu mbaya, ilhali *nukia* hubeba harufu nzuri. *Nukia* ina umbo la kauli ya kutendea, ingawa leo aghalabu hutumika bila yambwa. Ni kana kwamba uzuri wa harufu unamhitaji mtu wa kuupokea. *Nuka* husimama peke yake, na lawama yote humwangukia mtajwa. Aidha, katika Kiswahili harufu husikiwa. Asemaye “nasikia harufu ya jasho” anakiri kuwa yeye ndiye msikiaji. Asemaye “wale wananuka” amekwisha kujiondoa katika sentensi. Hata msamiati wetu hutaja chanzo: shombo ni ya samaki, kikwapa ni cha kwapa, uvundo ni wa kilichooza. Hakuna hata neno moja kati ya haya linalotaja kabila.

Chanzo ndicho kinachofichwa na kauli ya kikabila. Mpakuzi wa mizigo, utingo aliyelala garini siku kadhaa, muuza dagaa, mkulima anayemenya kahawa Mbozi na mama anayepikia kuni hubeba harufu za kazi zao. Pale kazi zinapogawanyika kwa kufuata asili ya watu, pua husoma kabila mahali palipoandikwa kazi. Biolojia haiisaidii pua hiyo: badiliko la jeni ABCC11 linalopunguza harufu ya kwapa limeenea Asia ya Mashariki na ni nadra barani Afrika, halitoi msingi wa kumtenga Mnyiha na Mnyamwanga.

Je, utani unaisafisha kauli hiyo? Radcliffe-Brown (1940) aliuona utani kuwa ukosefu wa heshima ulioruhusiwa, na Moreau (1944) alieleza mahusiano hayo katika Tanganyika. Mfano wa Mitchell (1956) kuhusu ngoma ya kalela huko Luanshya, Zambia ya leo, unatufaa zaidi. Wachezaji wa Kibisa waliyatania makabila mengine kwa nyimbo za Kibemba, huku wamevaa nadhifu na mwanamke mmoja, aliyevaa kama muuguzi, akiwapitishia kioo na leso ili wajiweke sawa. Unadhifu wao ulikuwa sehemu ya dai lao la heshima. Hata hivyo, walitania hadharani, kwa lugha iliyoeleweka na wengi, mbele ya hadhira ya makabila mchanganyiko. Mlengwa aliweza kusikia na kujibu.

Msimulizi wa nafsi ya tatu hana mlengwa wa namna hiyo. Anapoandika kwamba mhusika wa kabila fulani alinuka, hakuna mtani wa kumrudishia neno. Hatudai kwamba harufu iondolewe katika riwaya. Mwili wa mfanyakazi una jasho, na fasihi inayoliosha jasho hilo husema uongo. Tunachodai ni kwamba mhakiki aulize: pua hii ni ya nani, harufu imetoka katika kazi gani, na mtajwa amepewa neno?

Swali hilo la tatu linahusu uwezo pia. Mchukuzi anayetaniwa na mwenye mzigo anaweza kuwa na ulimi lakini akakosa ujasiri, kwa kuwa ujira wake uko mikononi mwa mtaniaji. Hapo hata kicheko chake si ushahidi kwamba pamekuwa na utani.