Sifa ya Fundi wa Pakiti Zinazopotea

Mtandao uliokatika kabisa haumhitaji fundi mwenye kipaji. Taa nyekundu inawaka kwenye kifaa cha faiba, mwenye nyumba anapiga simu huduma kwa wateja, kesho yake kijana anakuja na ngazi. Ugumu uko kwenye lalamiko lile jingine, ambalo mafundi wa Dar es Salaam wanalijua kwa moyo: "Fundi, mtandao upo, lakini haupo." Kasi ukiipima inatoka nzuri. Filamu inacheza bila kukwama. Ila mkutano wa video ukianza, sauti inakatika katikati ya neno, na mtoto anayecheza mpira kwenye kompyuta analalamika kwamba beki wake ameganda, kisha ameibukia golini kwa wenzake.

Hapo pakiti zinapotea. Tunachotuma kwenye intaneti hukatwa vipande, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500, na kila kipande husafiri peke yake. Kipande cha filamu kikipotea hakuna anayeshtuka, kwa kuwa kompyuta imeshajiwekea akiba ya sekunde kadhaa na ina nafasi ya kuomba kitumwe upya. Mtu anayeongea sasa hivi hana akiba hiyo. Neno lake likichelewa halina kazi tena.

Ufundi wa kuusaka upotevu huu nauheshimu kwa sababu unamdai mtu auzuie ulimi wake. Lawama iko tayari kinywani mwa kila mmoja: kampuni inatuibia. Huenda ni kweli. Fundi mzuri hulisikia hilo, akaitikia kwa adabu, kisha akafungua kompyuta na kuanza kuhesabu.

Chombo chake cha kwanza ni cha zamani. Desemba 1983 Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, aliona mtandao wake una tabia asizozielewa, akaandika programu ndogo iitwayo ping. Huitumia kompyuta nyingine pakiti fupi za kuiomba izirudishe zilivyo, ikahesabu zimetumwa ngapi, zimerudi ngapi, na kila moja imechukua milisekunde ngapi. Basi. Kwenye Windows hutuma nne tu na kusimama, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Ikiwa inapotea pakiti moja katika kila 100, ukituma nne karibu hakika zitarudi zote. Hata ukituma 100, kuna nafasi zaidi ya moja kati ya tatu kwamba usione upotevu wowote. Mwenye kazi yake hutuma maelfu, tena usiku, saa ambayo mtaa mzima uko mtandaoni, maana asubuhi saa nne kila laini ni nzima.

Asilimia moja inaonekana ndogo. Lakini kanuni iliyochapishwa na Matthew Mathis na wenzake mwaka 1997 inaonyesha kwamba muunganisho mmoja wa TCP ya kawaida (utaratibu unaotuma upya pakiti zilizopotea), kwa safari ya milisekunde 150 kwenda na kurudi, ambao ni muda wa kawaida kati ya pwani yetu na seva za Ulaya, hushuka chini ya megabiti moja kwa sekunde upotevu ukifika hapo. Unalipia 20, unapata moja.

Kuhesabu huanzia karibu. Fundi anaipima ruta iliyopo sebuleni kwanza, kwa waifai, kisha kwa waya, kabla hajagusa kitu chochote cha nje. Kwa mshangao wa mwenye nyumba, kesi nyingi huishia hapo. Katika majengo ya ghorofa mitandao ya majirani hugombania masafa ya gigahezi 2.4, ambayo chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, 6 na 11, na maikrowevu ya jikoni hupigia kelele masafa hayohayo. Waya nao una mambo yake: nyuzi nane ndani ya kichwa cha RJ45, mojawapo haikubanwa sawasawa, au pini zimeliwa na hewa ya chumvi. Faiba iliyokunjwa kwenye kona ya ukuta huvujisha mwanga, na vifaa vingi vya majumbani huanza kukosea nguvu ya mwanga ikishuka chini ya takriban dBm -27.

Nyaya zote zikiwa nzima, bado kuna swali ambalo wenye haraka hulisahau: nani humu ndani anapandisha video? Foleni ya ruta ikijaa, ruta hutupa pakiti, na hapo haijaharibika, inafanya kazi yake. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho umbali wa yadi 400 tu, kasi iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson alichunguza, na dawa iliyopatikana ndiyo inayoushikilia mtandao hadi leo: pakiti ikipotea, mtumaji achukulie kwamba njia imejaa, apunguze mwendo. Kwa hiyo upotevu ni lugha ya mtandao pia. Anayeutafuta hana budi kujua kama anasikia ruta ikisema "taratibu" au waya ukifa.

Ni Jacobson huyohuyo aliyeandika programu ya traceroute mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa wazo la Steve Deering. Kila pakiti hubeba namba inayopunguzwa moja kwa kila ruta, na ruta inayoifikisha sifuri huitupa na kumjulisha aliyeituma. Tuma yenye 1, kisha 2, kisha 3, na ruta za njiani zitajitaja kwa zamu. Hapo ndipo ninapompima fundi. Ruta ya tano inaonyesha upotevu wa asilimia 60, nyekundu kabisa, na mwenye pupa anapiga picha kioo kwenda kushitaki. Mwenye ujuzi anatazama ya mwisho: huko zimefika zote. Konda anayekusanya nauli hakuitikia salamu yako, lakini abiria wake wameshuka Kariakoo salama. Ruta kubwa hupewa kikomo cha kujibu maswali ya namna hii ili zibaki na nguvu ya kubeba mizigo. Upotevu wa kweli ni ule unaoanzia mahali na kuendelea hadi mwisho wa safari.

Kinachoutesa ufundi huu ni malipo. Fundi akibadilisha ruta, mteja anaona boksi jipya na analipa. Akikaa saa mbili kwenye kochi akitazama namba, kisha akakata kichwa cha waya na kubana kingine, anaulizwa, "Sasa fundi, hapo umefanya nini cha kutaka hela yote hiyo?" Wajanja siku hizi hutaja ada ya uchunguzi mlangoni, na wakimaliza humwachia mteja karatasi yenye saa, waya uliotumika na hesabu ya pakiti kwa kila hatua. Itamfaa siku tatizo likiwa kweli nje ya ukuta wake, maana mhudumu wa simu atamwambia azime ruta na kuiwasha tena, na mwenye hesabu za saa tatu usiku, siku nne mfululizo, anaweza kuomba aunganishwe na wahandisi.