Uwele na Jina la Kilatini: Uhakiki wa Desturi Moja ya Kamusi

Imekuwa desturi ya baadhi ya watungaji wa kamusi kulifasili jina la mmea kwa kuliambatishia jina la Kilatini, kana kwamba hilo la pili ndilo maana yenyewe. Historia ya jenasi Pennisetum yadhihirisha udhaifu wa desturi hiyo.

Linnaeus aliiasisi jenasi Cenchrus mwaka 1753. Pennisetum ilifuata mwaka 1805. Kipambanuzi kilikuwa nywele ngumu zizungukazo vishuke: katika Cenchrus zimeungana mashinani, katika Pennisetum zimeachana. Mpaka huo haukuwa imara. Nyasi ya malisho ambayo Linnaeus aliiita Cenchrus ciliaris, yenye asili ya Afrika na Asia na ambayo imelowea Australia na Marekani, ilihamishiwa Pennisetum na Link mwaka 1827, kisha wengine wakairudisha. Clayton na Renvoize, katika maelezo yao ya nyasi za Afrika Mashariki ya mwaka 1982, walizitenga jenasi hizo. Mwaka 2010 uchunguzi wa urithi na maumbile ulizifanya moja. Na kwa kuwa kanuni ya wanabotania hulipa haki jina lililotangulia, wengi wao wakaliacha jina Pennisetum.

Matokeo yake ni ya kuzingatiwa. Uwele, nafaka iliyoanza kulimwa Afrika Magharibi, sasa huitwa Cenchrus americanus, kwani Linnaeus aliuita Panicum americanum. Kanuni yathamini utangulizi wa jina, si ukweli wa maana yake. Mwanafunzi achukuaye jina hilo kuwa fasili atadhani uwele umetoka Amerika.

Kiswahili nacho kina ainisho lake. Neno matete hutumika kwa mimea ya kinamasi na pia kwa majani ya mifugo ambayo wengine huyaita mabingobingo. Wanabotania huitenga mimea hiyo katika jenasi zilizo mbalimbali. Msemaji huiunganisha kwa umbo la shina lake. Hilo si kosa la kusahihishwa, bali ni maana ya neno.

Yafaa basi kamusi itangulize umbo, makazi na matumizi ya mmea kwa Kiswahili, ndipo itaje jina la kitaalamu pamoja na mtaalamu aliyelitoa. Vinginevyo, kila wanabotania wanapohamisha mmea, kamusi nzima huonekana imepitwa, hali neno lenyewe halijaondoka kinywani mwa mkulima.