Utashi Uliofungwa na Mtu Anayewajibika: Kumsoma Tena Luther Dhidi ya Erasmus

Katika huduma ya kichungaji tumekwisha kuusikia mara nyingi utetezi huu: "Shetani alinipitia." Husemwa na mume aliyempiga mkewe, husemwa na mtunza hazina aliyekula sadaka, na pengine husemwa na mtumishi wa madhabahuni mwenyewe. Asemaye hivyo hakani kwamba tendo limetendeka. Anakana kwamba tendo ni lake. Nasi Walutheri tunapotaka kumjibu, twajikuta mahali pagumu, kwa maana tumefundishwa kwamba mwanadamu hawezi kwa nguvu zake mwenyewe kumgeukia Mungu. Je, fundisho hilo halimpi mkosaji ngao? Kwa ajili ya swali hilo tumeona vema kukihakiki upya kitabu cha Martin Luther cha Desemba 1525, Utumwa wa Utashi, alichokiandika kumjibu Erasmus wa Rotterdam.

Haki yatudai tuanze na Erasmus, ambaye jina lake aghalabu hutajwa madarasani kama la mshindwa tu. Kitabu chake juu ya utashi huru kilitoka mwaka 1524. Hakufundisha kwamba mtu hujiokoa mwenyewe. Sehemu kubwa aliiachia neema, na kwa mwanadamu akabakiza sehemu ndogo mno, yaani uwezo wa kujielekeza kwenye mambo ya wokovu au kuyapa kisogo. Hoja yake ilikuwa hasa ya kimaadili. Akishika Yoshua bin Sira sura ya 15 na Kumbukumbu la Torati sura ya 30, aliuliza: amri ina maana gani kwa mtu asiyeweza kuitii? Na hakimu amwadhibuye mtu kwa jambo asiloweza kuliepuka, haki yake iko wapi? Tena alihofu kwamba fundisho la kinyume, hata kama lingekuwa kweli, likitangazwa kwa watu wote lingewapa waovu kisingizio. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Kila mchungaji aliyeketi na wazee wa kanisa kusikiliza shauri la mkosaji anaijua.

Luther alijibu kwa hoja nyingi. Tatu zinahusu neno letu. Kwanza, amri huonyesha lipasalo, wala haithibitishi liwezekanalo. Kazi ya sheria ni kumjulisha mtu dhambi yake, kama Paulo afundishavyo katika Warumi 3:20. Pili, alitenganisha ulazima na kushurutishwa. Mwenye dhambi hakokotwi shingoni kama mwizi apelekwaye kuadhibiwa. Hutenda dhambi kwa kupenda, na upendo huo hawezi kuubadili kwa amri yake mwenyewe. Tatu, aliungama kwamba katika mambo yaliyo chini yake, kama vile mali na matumizi yake, mtu anayo hiari ya kutenda au kuacha. Jambo hilo la tatu liliingizwa mwaka 1530 katika Ungamo la Augsburg, kifungu cha 18, kinachokiri kwamba utashi wa mtu una uhuru fulani wa kutimiza haki ya kiraia.

Basi, kwa kipimo cha Luther mwenyewe, mtunza hazina hana pa kujificha. Kutokula sadaka ni jambo la haki ya kiraia. Hata asiyeamini aweza kuliepuka. Hoja ya pili nayo haijapitwa na wakati. Mwaka 1969 mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, alitoa makala akipinga kanuni kwamba mtu huwajibika pale tu alipoweza kutenda vinginevyo. Tuwaze mtu aliyekusudia ovu na kulitenda, huku karibu yake amejificha mwingine aliyekuwa tayari kumlazimisha endapo angesita. Hakusita, wala hakulazimishwa. Hakuwa na njia nyingine, lakini tendo ni lake. Mfano huo haumthibitishi Luther katika yote, kwa kuwa yule aliyejificha hakufanya lolote, ilhali Luther husema juu ya nguvu inayotenda kweli ndani ya mtu. Hata hivyo watuonyesha kwamba Erasmus aliharakisha alipodhani kuwa pasipo njia mbili hapana lawama.

Pamoja na hayo, hatuwezi kukisifu kitabu hiki pasipo kutaja kasoro yake. Luther amfananisha utashi wa mtu na mnyama wa kupandwa: akipandwa na Mungu huenda atakako Mungu, akipandwa na Shetani huenda atakako Shetani, wala mnyama hana uwezo wa kumchagua mpandaji. Mfano huu ndio msomaji anaoubeba anapokifunga kitabu, na mfano huu ndio unaoharibu. Ni nani amlaumuye punda kwa njia aliyopitishwa? Tofauti nzuri ya ulazima na kushurutishwa yamezwa na picha ya hatamu. Tena Luther aandika hapa kama mtu wa mdahalo, akimzungumzia mwanadamu kwa mbali, katika nafsi ya tatu: mtu hawezi, mtu amefungwa. Likisemwa hivyo, fundisho hili lafanana mno na utetezi wa mkosaji.

Dawa tunaipata kwa Luther huyuhuyu. Mwaka 1529, katika Katekisimu Ndogo, akieleza sehemu ya tatu ya Imani, alirudia fundisho lilelile, ila sasa kwa nafsi ya kwanza: mimi ndimi nisiyeweza kwa akili wala nguvu zangu kumwamini Bwana wangu, na Roho ndiye aliyeniita. Si hoja tena, ni ungamo. Mwaka 1537, katika barua kwa Wolfgang Capito, Luther alisema kwamba miongoni mwa vitabu vyake anavyovitambua kuwa vyake kwa haki ni kile cha utumwa wa utashi na katekisimu. Tunaona kwamba aliviweka pamoja kwa faida yetu: cha kwanza kisisomwe bila cha pili.

Maandiko yanatufundisha vivyo hivyo. Katika Mwanzo 3 Adamu anamtaja mwanamke, na mwanamke anamtaja nyoka. Maneno yao si uongo, kwani nyoka alikuwapo kweli. Kosa ni kwamba ukweli umetumika kama pazia. Katika Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake chaihusisha na Daudi baada ya kuonywa na Nathani, mwenye kutubu naye ataja upotovu aliozaliwa nao. Lakini autaja baada ya kusema kwamba dhambi ni yake, nao haumpunguzii kitu. Fundisho moja, matumizi mawili: mmoja ajitetea, mwingine ajisalimisha.

Hoja yetu, basi, ni kwamba utumwa wa utashi ni fundisho la kukiri mbele za Mungu, wala si la kujitetea mbele ya jirani. Mchungaji amwambiaye mume yule "jitahidi zaidi" tu amemwacha na Erasmus. Naye amwambiaye "sote tu wenye dhambi" na kufunga shauri, amemsaliti mke aliyepigwa, akidhani anamtii Luther. Yatupasa kumwuliza mume huyo maswali mawili, kila moja mahali pake. Mbele ya mkewe na wazee: umefanya nini, na utalipaje? Mbele ya Mungu: ni nani atakayekufungua? Tukiliacha swali la kwanza, la pili litakuwa maficho yake. Na akirudishwa kundini bila kulijibu, mkewe atakuwa na haki ya kutuuliza ni injili gani tuliyoihubiri nyumbani mwake.